Tundu la Moshi Jikoni kwa Mama

Watu wakiniuliza nafundisha nini, nasema hisabati, halafu naomba Mungu wasiendelee kuuliza. Wakiendelea, naeleza kwamba nakokotoa kwa kompyuta mwendo wa vitu vinavyotiririka: maji kwenye bomba, damu kwenye mshipa, upepo juu ya bawa la ndege, moshi jikoni. Hapo kwenye moshi ndipo wengi wanapocheka. Mtu mzima na miwani yake, shahada tatu, anapiga hesabu za moshi. Zamani nilikuwaga nacheka nao. Siku hizi nabadilisha mazungumzo, tena kwa ukali, na mtu wa watu anabaki anashangaa amenikosea nini.

Nimezaliwa Mtoni, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa, kwenye nyumba ambayo marehemu baba alimwachia mama na mie, mtoto wao pekee. Mama alikuwa anakaanga samaki. Kila asubuhi alikwenda feri, kwenye soko la samaki, akarudi na ndoo kichwani. Akapara, akatumbua, akapaka chumvi na ndimu. Akishaswali adhuhuri anawasha moto, na alasiri anatoka barazani na sinia lake. Watu waliokuwa wanatoka makazini walimjua, kila mmoja na kipande chake: huyu kichwa, huyu mkia, yule mwenye meno mabovu anatengewa mnofu usio na miba.

Alikaangia kwenye jiko la uani, kijumba cha matofali chenye mlango mmoja na paa la bati lililo chini. Kuni zake zilikuwa mabanzi, yale maganda ya magogo ambayo wapasua mbao hawana kazi nayo. Mabanzi yanawaka vizuri, lakini moshi wake hauna adabu. Mama alikuwa anaingia humo akiwa mweupe wa macho anatoka mwekundu, na khanga ameikandamiza puani.

Mie sikuruhusiwa kuingia. Wasichana wote wa mtaa wetu walikuwa jikoni na mama zao, lakini mie nikisogea tu mlangoni nasikia, "Toka hapo. Macho hayo ya kusomea." Basi nilisomea sebuleni, madaftari yananuka samaki, na yeye anakohoa huko uani. Kikohozi kile kilikuwa sehemu ya nyumba kama mlio wa bati jua likiwaka. Nilikizoea mpaka nikawa sikisikii.

Kichwa cha hesabu nilikuwa nacho, sitajifanya mnyenyekevu. Nilipita shule, nikapita chuo kikuu, nikapata nafasi ya kwenda kusoma uzamivu nchi ya baridi. Msimamizi wangu huko alikuwa mzee mmoja mpole, mchache wa maneno. Siku ya kwanza aliniambia nichague kitu kinachotiririka ambacho nakijua mwenyewe, si cha kusoma vitabuni. Wenzangu walichagua injini na mitambo ya umeme. Nikamwambia nitachagua moshi wa jiko la mama yangu. Hakucheka. Alinipa karatasi akasema, chora hilo jiko.

Nikalichora kwa kumbukumbu, kisha nikampigia mama simu apime urefu na upana. Alipima kwa kamba ya kuanikia nguo, halafu akampelekea fundi cherehani wa jirani aipime kamba kwa futi yake. Vipimo vilikuwa sahihi kuliko vya watu wengi waliosoma.

Niieleze kazi yenyewe kidogo, maana mambo yote yaliyotokea yamo ndani yake. Unachukua chumba, unakigawa ndani ya kompyuta kuwa vijichumba vidogo mno, maelfu kwa maelfu. Kila kijichumba unakiuliza hewa inaingia upande gani, inatoka upande gani, ina joto kiasi gani. Kisha unaweka mipaka. Hapa ni ukuta, hewa haipiti. Hapa ni mlango, hewa inaingia. Hapa ni tundu, hewa inatoka. Na kinachotoka kimetoka, programu inakisahau, haina habari nacho tena. Lazima uishie mahali fulani, la sivyo utajikuta unakokotoa dunia nzima. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu miaka mingi, na sikumbuki hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza huko nje kuna nani.

Niliporudi nikaajiriwa chuoni, nikapanga nyumba Mbezi Beach. Nikamwambia mama aje tukae wote, aache moshi. Akanitazama kama nimemtukana. "Nije nikae huko nihesabu mawimbi?" Nikamnunulia jiko la gesi. Alilipokea kwa dua nyingi, akalifunika kitambaa alichodarizi mwenyewe, akawa analichemshia chai. Samaki wa kuuza, alisema, wanataka karai kubwa na moto wa kuni, na wateja wake wana midomo inayojua.

Ningeweza kumshikilia. Ningeweza kukaa sebuleni kwake siku tatu, nikasusa chakula mpaka akubali, nilikuwa najua kususa. Sikufanya. Nitasema ukweli hapa kwa sababu sijausema kwingine: nilimhitaji akaange. Kazi yangu yote ilikuwa inahusu jiko lile, na jiko lisilo na moto halina cha kupima. Nikajiambia kwamba nitamwondolea moshi bila kumwondolea kazi yake, na kwamba huo ndio upendo wa kisomi.

Hesabu zilisema hivi: toboa tundu kwenye ukuta wa nyuma, juu, karibu na bati, ukubwa wake kiasi cha kitabu kikubwa kilichofunguliwa. Mlango ukiwa wazi, hewa baridi inaingia chini, moshi wa moto unapanda na kutokea pale. Hakuna bomba, hakuna feni, hakuna umeme. Uzuri wake ulikuwa huo. Mama yeyote wa Temeke mwenye nyundo na jirani mwenye nguvu anaweza kulitengeneza. Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala kichwani, na kichwa kilikuwa kimevimba kweli kweli.

Ukuta huo wa nyuma ulitazamana na nyumba ya pili. Katikati kulikuwa na kichochoro, watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Ng'ambo ya kichochoro palikuwa na dirisha la chumba cha mpangaji, mwalimu wa shule ya msingi kutoka bara, dada mtaratibu aliyekuwa anaishi na bintiye mdogo. Nilikuwa nalijua dirisha hilo, nimelipita mara nyingi. Lakini kwenye mchoro wangu ukuta wa jiko ndio uliokuwa mwisho wa dunia.

Siku moja kabla ya kutoboa, mama alisimama nyuma yangu nikimwonyesha fundi pa kupiga. Akauliza taratibu, "Mwanangu, si tuweke bomba lipande juu, lipite bati?"

"Bomba la nini tena, mama? Nimeshapiga hesabu. Halihitajiki."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Hakulisema kwa kejeli. Hilo ndilo linaloniuma. Mama alikuwa mtani sana, angeweza kunikata kauli kwa neno moja. Alikuwa ananiita profesa wa moshi asiyejua kuwasha jiko, na ni kweli, nikiwasha mie moto unazima. Lakini mambo ya masomo yangu hakuyatania. Aliyaogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa kushika chombo cha watu kisije kikavunjika mkononi mwake.

Fundi akatoboa. Mama akawasha mabanzi, na moshi ukapanda, ukazunguka kidogo chini ya bati, ukaingia tunduni na kupotea. Mama akasimama wima jikoni mwake, khanga imeshuka mabegani, akicheka. "Leo namwona samaki wangu usoni," alisema. Nilitoka nikaenda kulia chooni, maana nilikuwa sijawahi kumwona amesimama wima humo ndani.

Tukaanza kupima. Ijumaa nilimpigia mama simu tupange saa, na kila Jumamosi mchana nilivuka jiji kutoka Mbezi Beach na kifaa changu kwenye mkoba. Nilikitundika kwenye msumari mahali pua ya mama inapofika akiwa amechutama, nikakaa barazani na kompyuta mapajani. Namba zilikuwa nzuri mno. Zilifuata hesabu zangu kwa ukaribu ambao watu wa fani yetu huuona mara chache, na mara ya kwanza nilidhani nimekosea mahali. Jumamosi baada ya Jumamosi, mwaka na zaidi, zilikuja zilezile. Mama alikuwa na bidii ya kupimwa kuliko mie. Nikichelewa alipiga simu kuuliza niko wapi, ili asiwashe kabla sijafika.

Makala ikatoka kwenye jarida la nje. Ikasomwa, ikatajwa na wengine, nikaitwa kwenye mikutano miwili kuieleza, nikapanda cheo. Nikachapisha nakala, nikampelekea mama. Kiingereza hakujua, lakini alifungua kila ukurasa, akatazama picha za jiko lake zilizopakwa rangi nyekundu na buluu kuonyesha joto. Akaniuliza, "Na mimi nimo?" Nikamwonyesha mstari wa mwisho wa shukrani, ulioandikwa: mwenye jiko. Nikamweleza kwamba utaratibu wa utafiti unataka majina yafichwe. Akapitisha kidole juu ya maneno yale mara mbili. Nakala hiyo aliiwekea kioo na fremu, akaitundika sebuleni juu ya picha ya baba.

Jumamosi niliendelea kwenda kupima, na kikohozi hakikupungua. Kwanza nilisema kitapungua polepole. Kisha nikasema ni uharibifu wa zamani, mapafu hayasahau. Nilikuwa na maelezo ya kila aina, na yote yalikuwa na mantiki. Alipoanza kushindwa kufika feri bila kupumzika njiani, nilimpeleka hospitali. Daktari, kijana mwenye sura ya kuchoka, alitazama picha za kifua kwa muda mrefu, akauliza, "Mama bado anavuta moshi?"

"Hapana," nikajibu, na sauti yangu ilikuwa na majivuno, nakumbuka mwenyewe nilivyokaa. "Jiko lake nimelitengeneza mwenyewe. Moshi umekwisha."

Akanitazama, akamtazama mama. Mama alikuwa anaangalia vidole vyake. "Basi sielewi," daktari akasema. Nikakasirika. Nikajiambia, kijana huyu hajui anachokisema, namba zangu zimepita mikononi mwa watu wenye ndevu nyeupe.

Safari hii mama hakubisha. Alikuja Mbezi Beach akakaa nami, akilala kwa kuegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Siku ya nne aliniomba nimletee khanga zake na msahafu wake. Nikaenda Mtoni. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Naitaja siku kwa sababu katika miaka yote minne tangu tundu litobolewe, sikuwahi kufika nyumbani kwetu Jumanne. Wala Jumatatu, wala Jumatano. Nilikuwa mtoto wa Jumamosi.

Nikachukua khanga, nikachukua msahafu. Halafu nikasukuma mlango wa jiko, bila sababu, kwa mazoea tu ya kuliangalia. Ndani mlikuwa na giza. Nikasimama pale kidogo nikijiuliza giza limetoka wapi mchana kweupe, maana tundu lilikuwa linaingiza mwanga wa kutosha. Nikatazama juu. Tundu lilikuwa limezibwa na gunia.

Halikuwa gunia lililotupwa pale ovyo. Lilikuwa limekunjwa vizuri, likashonwa pembeni kwa uzi mnene, likapata umbo la tundu lenyewe kama mto wa kiti. Juu yake palikuwa na kitanzi cha kulivutia. Nikalivuta. Upande wa ndani ulikuwa mweusi, masizi yameganda unene wa kidole. Upande wa nje ulikuwa bado rangi ya gunia.

Nikatoka, nikazunguka mpaka kichochoroni. Hapo nikaona jambo ambalo mtu yeyote asiye na shahada angeliona siku ya kwanza. Mahali moshi wa mabanzi unapotokea kila siku kwa miaka minne, ukuta wa juu yake lazima uwe mweusi. Ukuta wetu ulikuwa na chokaa yake. Palikuwa na kivuli kidogo tu cha kijivu, moshi wa Jumamosi.

Nikakaa chini palepale kichochoroni, na msahafu wa mama kifuani. Nitaeleza nilichofikiri kwanza, hata kama kinaniaibisha. Nilifikiri makala yangu imekufa. Dakika nzima, labda zaidi, nilifikiria jarida, na cheo, na wale waliokuwa wameitumia kazi ile kwenye kazi zao. Kifua cha mama kilikuja baadaye. Kilipokuja nikainuka kwenda kulichukua gunia.

Nilifika Mbezi Beach na gunia ndani ya mfuko wa plastiki. Mama alikuwa sebuleni ameegemea mito. Nikaliweka mezani mbele yake. Hata shikamoo sikumpa.

"Hili ni nini, mama?"

Akalitazama. "Ni gunia."

"Ulikuwa unaziba tangu lini?"

"Tangu siku ile ile ya kwanza," akasema, kisha akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Alipotulia akaongea polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Moshi ulikuwa unakwenda moja kwa moja dirishani kwa mwalimu. Mtoto wake ana pumu. Sasa mie nipumue, mtoto wa mwenzangu asipumue?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza bomba."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia amenidanganya miaka minne. Nikamwambia kila Jumamosi alikuwa analitoa gunia kabla sijafika, ananiacha nipime uongo. Nikamwambia hajui amefanya nini. Ndiyo, nilimwambia hivyo mwanamke aliyekuwa anahema.

Hakukasirika. "Ulikuwa na furaha," alisema. "Nikaona nikikwambia utabomoa, utaanza upya, na hayo masomo yako yataharibika kwa ajili ya jiko langu. Nikasema nitalifungua siku ya kupima, wewe upate chako. Siku nyingine nitavumilia, nimezoea." Kisha akanitazama kwa huruma, akasema kama anayenifundisha kufunga kitenge, "Wewe ulipima ndani, mwanangu. Nje hukupima."

Nimewahi kukosolewa na maprofesa wa nchi tatu. Hakuna aliyewahi kuligusa kosa langu kwa maneno machache kiasi kile.

Ningependa kuandika kwamba nilimwangukia miguuni. Nilikwenda chumbani nikajifungia, nikafungua kompyuta, nikaanza kutafuta kama kuna namna ya kuiokoa makala. Siku mbili zilizofuata nilimhudumia kila kitu, uji, dawa, maji ya kutawadha, lakini niliongea naye kwa mkato, ndiyo na hapana. Alijua nimenuna. Alikuwa ananijua nikinuna tangu nina miaka mitatu. Siku ya tatu asubuhi alinitania, akauliza kama profesa amepata hesabu ya kupika uji usio na madonge. Nikatabasamu, nikageuza uso asione. Mchana pumzi ikambana, tukakimbilia hospitali, na kabla ya magharibi mama alikuwa ameshafariki. Sikuwa nimemwomba radhi. Nilikuwa napanga kumwomba jioni ile, nikishatulia.

Tukamzika Mtoni. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wale wa vichwa na wale wa mikia, hata yule wa meno mabovu alikuwepo, amesimama peke yake nyuma ya jeneza. Mwalimu alilala matangani siku zote tatu. Yeye si Mwislamu, lakini aliosha vyombo vya msiba mpaka mikono ikababuka. Sikuzungumza naye. Namwambia Mungu na namwambia msomaji: nilimchukia. Moyoni nilikuwa nimeshajenga kisa kizima. Niliona mwanamke amekuja kugonga mlangoni kwetu na mtoto mkononi, analalamika, na mama yangu mpole anakubali kujifungia na moshi ili jirani aridhike. Nilihitaji awepo mtu mwingine wa kubeba jambo hili pamoja nami, na yeye alikuwa karibu.

Baada ya hitma ya arobaini niliandika barua kwa wahariri wa jarida, nikaeleza kwamba vipimo havikuwakilisha matumizi halisi ya jiko, na kwamba kosa ni langu. Mwenzangu mmoja ofisini alinisihi niache. "Nani atajua?" aliniuliza. "Namba zako si za kughushi. Tundu likiwa wazi, moshi unatoka. Ni kweli." Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomuua mama yangu. Barua nikaituma.

Kisha nikaikokotoa upya kazi yote. Safari hii niliweka kichochoro, niliweka ukuta wa pili, niliweka dirisha, na ndani ya dirisha nikaweka chumba na kitanda kidogo. Kompyuta ilichukua siku kadhaa kunipa jibu. Tundu la ukutani linamwaga moshi chumbani kwa mtoto. Bomba la bati linalopita juu ya paa, urefu wa mtu mmoja tu, linaupeleka mahali ambapo upepo wa baharini unauchukua, na halimdhuru yeyote. Jiko linabaki safi, dirisha linabaki safi. Nilitazama jibu hilo kwenye kioo cha kompyuta, nikamsikia mama akiuliza nyuma yangu, taratibu, asinikwaze mbele ya fundi.

Nikamwita fundi yule yule. Tundu akaliziba kwa tofali na saruji, bomba akalifunga kwa asubuhi moja. Hakuwepo tena wa kukaanga, lakini nilitaka kuliona likifanya kazi. Nikanunua samaki watatu, nikawasha mabanzi, yakazima, nikawasha tena. Yaliposhika moto nikaacha karai likichemka, nikazunguka kwa mwalimu. Nilibisha hodi kwa sauti kavu, nikamwomba niingie chumbani kwa mtoto nikanuse.

Alinikaribisha bila kushangaa. Binti yake alikuwa anafanya kazi za shule kitandani. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikasimama dirishani. Palikuwa na harufu ya sabuni na nguo mbichi. Moshi hata chembe. Nikasema, bila kugeuka, "Sasa hutakuwa na la kulalamika."

Mwalimu akanisogelea. "Dada," akasema, "mie sikuwahi kumlalamikia mama."

Nikageuka.

"Hata siku moja. Ningeanzaje? Siku ile mlipotoboa, nyie mlipoondoka yeye akaendelea kukaanga. Mtoto alikuwa amelala hapo. Akakohoa mara mbili tatu, nikainuka nifunge dirisha. Kabla sijalifikia nikasikia mama upande wa pili anaburuta kigoda, halafu nikaona mkono wake unasukumia kitambaa tunduni. Nikaita, mama acha, nafunga dirisha. Akanijibu mtoto anahitaji hewa, nisifunge. Tangu hapo ikawa hivyo. Nilimwambia mara nyingi akwambie wewe. Alisema una kazi nyingi."

Binti alikuwa ameacha kuandika, ananitazama. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake, na yule niliyekuwa nimemchukia siku arobaini na zaidi akaketi pembeni yangu, akanishika mkono. Nilisikia samaki wangu wanaungua kule jikoni, sikwenda kuwatoa.

Mama alisikia mtoto wa watu akikohoa mara mbili tatu kupitia ukuta. Mie alinikoholea kwenye simu kila Ijumaa, miaka minne, nami nilikuwa nasubiri amalize ili nimuulize kesho anawasha moto saa ngapi.